Lisianthasi Kisumu: fungu lipi ubebe, lipi uliache

Wengi wakiona maua ya lisianthasi huziita waridi, na ukizitazama kwa mbali hutawalaumu. Lakini lisianthasi haina miiba, na majani yake yana kijani cha kijivujivu kama yamepakwa nta. Ikinunuliwa vizuri hukaa chomboni siku kumi hata wiki mbili. Shida ni joto letu. Naivasha, kule kwenye mashamba makubwa ya maua ya kaunti ya Nakuru, iko karibu mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Kisumu ni kama 1,130. Ua lililozoea usiku wa baridi likishushwa huku ziwani linachoka haraka, kwa hiyo chagua kwa makini.

La kwanza: ua moja au mawili yamefunguka, na matumba yameshika rangi. Hili ndilo ninalonunua mimi. Tumba lililoanza kulegea, lenye rangi ya zambarau au ya waridi inayoonekana wazi, litafunguka nyumbani, ingawa rangi yake huenda ikapauka kidogo kwa sababu ya mwanga hafifu wa ndani. Matumba madogo ya kijani, yaliyokaza, usiyahesabu. Mengi yatabaki hivyo hivyo. Kisha shika shina utikise polepole. Kichwa kikiyumba na kulala, shingo imeishiwa maji.

La pili: zenye petali za safu moja. Si za kifahari kama zile zilizojaa petali, ila vichwa vyake ni vyepesi na shingo haipati taabu. Kwa meza ya nyumbani zinanitosha kabisa.

La tatu: zilizofunguka zote. Nunua kama sherehe ni kesho. Niliwahi kununua fungu la namna hiyo siku ya Jumatano kwa ajili ya wageni wa Jumapili, jeupe, zuri ajabu. Kufika Jumamosi petali zilikuwa na madoa ya kahawia. Nilihuzunika sana, maana mama alikuwa amezipenda.

Usinunue kabisa fungu lenye majani ya njano, mashina yanayoteleza au petali zenye unyevu. Maji yakituama kwenye petali huleta ukungu wa kijivu, ndiyo maana hata nyumbani hupaswi kuzinyunyizia maji.

Ukifika nyumbani, osha chombo kwa sabuni kabla ya lolote. Bakteria huziba mashina, na ua hunyauka likiwa limesimama ndani ya maji. Kata ncha kwa mshazari, sentimita mbili au tatu, kwa kisu kikali, na uondoe majani yote yatakayozama. Kwa lita moja ya maji natia kijiko kimoja cha chai cha sukari na matone machache ya Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Sukari husaidia matumba kufunguka, lakini usiiweke peke yake, kwani itawalisha bakteria hao hao. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Wakati wa joto kali, kila siku, na ukate ncha tena.

Weka mbali na dirisha la jua la mchana, na mbali na ndizi na maembe yanayoiva, kwa kuwa gesi yake huzeesha maua.

Shingo ikiinama, usitupe. Kata shina, funga fungu lote kwa gazeti likae wima, lisimamishe kwenye ndoo ya maji mengi mahali penye kivuli kwa saa mbili tatu. Zile zisizoinuka zikate fupi, uziweke kwenye glasi kando ya kitanda.