Uzoefu wangu na SSR: filamu moja, misimu miwili ya Agent Carter, na madini ambayo hakuna aliyeuliza yametoka wapi

Kwenye filamu za mashujaa wengi wetu humfuata staringi. Mimi kwenye hadithi ya Captain America nimeifuata idara iliyomtengeneza: SSR, kwa kirefu Strategic Scientific Reserve, shirika la siri la kubuni ambalo kazi yake ni kuipigania Marekani kwa sayansi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nimeliona kwenye filamu ya 2011, Captain America: The First Avenger, halafu kwenye tamthilia ya Agent Carter, misimu yote miwili. Naandika kwa ajili ya mtu anayejiuliza kama atumie wikiendi zake na bando lake huko. Jibu langu ni ndiyo, na nitasema mapema kabisa: tamthilia imeizidi filamu, kwa sababu inawatazama watu ambao shirika lenyewe halikuwatazama.

Tuanze na filamu. Ina dakika 124, mwongozaji ni Joe Johnston, na nusu yake ya kwanza ni kazi safi. Mlango wa SSR uko Brooklyn, mwaka 1943, ndani ya duka la vitu vya kale. Steve Rogers, ambaye ndiye atakayekuwa Captain America, yaani Chris Evans aliyekondeshwa kwa kompyuta mpaka nguo zinampwaya, anaingia akiongozana na Peggy Carter, kachero wa SSR. Bibi mwenye duka anasema neno kuhusu hali ya hewa, Peggy anamjibu habari ya mwavuli, na mkono wa bibi unashuka chini ya meza, kwenye kitufe kilicho jirani na bunduki ya rashasha. Kabati la vitabu linafunguka. Nilifurahi kujua kwamba duka hilo halikubuniwa na watu wa filamu. Limo kwenye toleo la kwanza kabisa la katuni, lililotungwa na Joe Simon na Jack Kirby, vijana wawili wa familia za Kiyahudi, toleo lenye tarehe ya Machi 1941. Kule bibi anavua uso wa bandia, kumbe ni msichana jasusi. Jalada la toleo hilo linamwonyesha shujaa akimtandika Hitler ngumi ya taya, na Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Pearl Harbor, shambulio la Wajapani lililoiingiza vitani, lilikuja Desemba ya mwaka huo. Ukijua hivyo, duka lile unalitazama kwa heshima.

Kilichonishika zaidi ni jinsi SSR inavyomchagua mtu wake. Kanali Phillips, ambaye Tommy Lee Jones amemcheza vizuri mno, anataka askari mwenye kifua. Dkt. Erskine, mwanasayansi aliyetoroka Ujerumani, anamtaka yule mgonjwa mgonjwa. Phillips anarusha guruneti katikati ya kikosi kinachofanya mazoezi. Wale wenye vifua wanatawanyika, mmoja nyuma ya gari, wengine huku na kule. Steve anakimbilia bomu lenyewe, analilalia, anajikunja juu yake na kuwapungia wenzake mkono wakae mbali. Guruneti ni bandia. Steve anainua kichwa na kuuliza kama huo ulikuwa mtihani. Ile sura yake pale chini, vumbi limemjaa, ndiyo sababu ya mimi kuipenda hadithi hii, kwa sababu dawa ya Erskine, ile ya kumgeuza mtu kuwa askari mwenye nguvu kupindukia, hukuza kile kilichomo ndani ya mtu. Mwema huzidi wema, katili huzidi ukatili. Kwa hiyo kipimo muhimu kuliko mashine zote za maabara ile ni tabia ya mtu, na anayejua kukisoma ni mzee mmoja mkimbizi tu. Usiku wa kuamkia jaribio anakwenda na chupa kwenye chumba cha Steve na kumwambia kwamba watu husahau nchi ya kwanza iliyovamiwa na Wanazi ilikuwa yao wenyewe. Stanley Tucci anaisema taratibu, bila kulia, na inaingia.

Erskine anapouawa, filamu inaanza kuvuja. Fomula inakufa naye, SSR inabaki na mtu mmoja badala ya jeshi, na huyo mmoja anapelekwa majukwaani kuhamasisha watu wanunue hati za dhamana za vita. Hapo bado kuna hadithi. Lakini baadaye yanakuja mapambano ya miali ya buluu, viwanda vya Hydra, kundi la adui katika hadithi hii, vinalipuliwa kimoja baada ya kingine huku muziki ukipigwa, na ile idara ya wasomi na mafaili tuliyoizoea inageuka kundi la watu wa kuonyesha ramani. Jambo jingine limenikera zaidi. Kikosi cha Steve kina Gabe Jones, Mmarekani mweusi, anakaa meza moja na wenzake kama kwamba hakuna tatizo. Jeshi la Marekani wakati huo lilikuwa limetenganishwa kwa rangi. Amri ya Rais Truman ya kukomesha utengano huo ilitoka Julai 1948. Ningeridhika na sentensi moja tu ya kuonyesha kwamba meza ile ilikuwa jambo la ajabu. Haipo.

Sasa Agent Carter. Ilianza kurushwa Januari 2015 kwenye televisheni ya ABC, msimu wa kwanza una sehemu 8, wa pili 10. Walioibuni, Christopher Markus na Stephen McFeely, ndio walioandika ile filamu, na nahisi walikuwa na deni walilotaka kulilipa. Ni mwaka 1946, New York. Vita imekwisha, Steve anahesabiwa kuwa amekufa, na ofisi ya SSR imejificha nyuma ya kampuni ya simu. Peggy anapita kila asubuhi katikati ya wanawake wanaounganisha simu, mmoja anamfungulia, ukuta unaachia, na upande wa pili kuna chumba kimejaa wanaume na moshi wa sigara. Mwanamke huyu alikuwa kwenye medani za vita Ulaya. Hapa anaambiwa apokee simu, apange mafaili, aulize nani anakula nini mchana. Nilikuwa naangalia na binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, na kabla sehemu ya kwanza haijaisha aliniuliza: "Shangazi, mbona yeye ndiye anayejua kila kitu na wao ndio wanaopewa kazi?" Tamthilia nzima imejengwa juu ya swali hilo. Howard Stark, tajiri mvumbuzi wa silaha, anasingiziwa kuuza silaha zake kwa maadui, idara inamsaka, na Peggy anamsafisha kwa siri, usiku, akisaidiwa na Jarvis, mtumishi wa nyumbani wa Stark mwenye adabu za kupindukia.

Kuna mahali Peggy anapambana na mwanamume, nyumbani kwa mwanamume huyo, huku redioni kukirushwa mchezo wa kuigiza wa Captain America, ambamo mhusika aliyetokana na Peggy mwenyewe ni nesi anayelialia aokolewe. Picha inahama kutoka ngumi kwenda studio na kurudi. Hayley Atwell, anayemcheza Peggy, anapiga kama mtu mwenye hasira ya kweli, nywele zikiwa zimetulia vilevile.

Sehemu ninayoipa alama za juu kuliko zote ni ya tano ya msimu wa kwanza. Peggy anakwenda Urusi na kikosi, na Jack Thompson, kachero mwenye majivuno kuliko wote ofisini, anaganda kwenye mapigano. Wakati wa kurudi, ndani ya ndege, anamsimulia jinsi alivyopata nishani kule Okinawa. Wajapani waliingia kambini usiku, akawapiga risasi Wajapani hao huku wenzake wa kambini wakiwa wamelala. Baadaye akaiona bendera nyeupe waliyokuwa wameibeba, akaifukia. Watu wakamwita shujaa na yeye akakubali. Chad Michael Murray anayasema hayo akiangalia chini, na Peggy hamfariji wala hamhukumu. Kilichoniuma ni kwamba msimu unapokwisha, Thompson huyohuyo anasimama mbele ya seneta na kuzipokea sifa za kazi ya Peggy. Mtu anaweza kuungama na asibadilike. Ni mara chache hadithi ya mashujaa inathubutu kumwacha mtu hivyo.

Usidhani haya ya wanawake kusahaulika ni chumvi ya watunzi. Marekani ilikuwa na shirika lake halisi la ujasusi wa vita, OSS, lililoanzishwa 1942 chini ya William Donovan, na kati ya watu wake karibu 13,000 wanawake walikuwa takriban 4,500. Mmoja wao ni Julia Child, ambaye baadaye Marekani yote ilimjua kwa mapishi kwenye televisheni. Kule OSS alishiriki kazi ya kutafuta dawa ya kufukuza papa. Kwenye sayansi yenyewe kulikuwa na OSRD, idara ya serikali ya utafiti wa kisayansi wa vita iliyoongozwa na Vannevar Bush na kuanzishwa 1941, ambamo rada na utengenezaji wa penisilini kwa wingi vilisukumwa mbele. SSR ni kama mtoto aliyechukua pua ya mmoja na macho ya mwingine.

Msimu wa pili unahamia Los Angeles mwaka 1947. Ofisi sasa imejificha nyuma ya wakala wa waigizaji, na pale mapokezi yuko Rose, yule aliyekuwa kwenye kampuni ya simu. Peggy anataka kwenda naye kwenye kazi ya hatari, Sousa, mkuu wa ofisi, anasita. Sousa huyu anatembea kwa gongo kwa sababu ya jeraha la vita, na anajua fika kudharauliwa kulivyo, lakini naye anashindwa kumwona Rose. Rose anakwenda, na anafanya kazi yake barabara. Halafu kuna Dkt. Wilkes, mwanasayansi mweusi ambaye kampuni moja tu ilikubali kumwajiri. Ajali inamfanya asionekane kwa macho. Na adui, Whitney Frost, ni nyota wa sinema mwenye akili ya fizikia ambaye tangu utotoni aliambiwa uso wake ndio mtaji wake pekee. Huwezi kumwangalia usimkumbuke Hedy Lamarr, mwigizaji wa Hollywood ambaye mwaka 1942 yeye na mwanamuziki George Antheil walipewa hataza ya mbinu ya kurusha mawimbi ya redio yanayorukaruka ili adui asiyavuruge. Kwa mawazo, msimu huu ni tajiri. Kwa mwendo, unachosha. Mapenzi ya pembe tatu yamechukua nafasi kubwa mno, na ofisi, ambayo ndiyo roho ya hadithi, inaonekana kwa nadra.

Nirudi kwenye filamu kidogo, maana kuna jambo nisilotaka kuliacha. Howard Stark anamwonyesha Steve ngao kadhaa za majaribio. Steve anaokota ya mviringo chini ya meza. Stark anamweleza kuwa ni vibranium, imara kuliko chuma na nyepesi mno, na kwamba hiyo aliyoishika ndiyo yote waliyonayo. Peggy anaifyatulia risasi, tunacheka, tunaendelea. Hakuna anayeuliza madini hayo yametoka wapi. Filamu za baadaye ndizo zilizosema: Wakanda, Afrika.

Kwenye historia ya kweli swali hilo lina jibu, na jibu liko Katanga, kwa watu wanaozungumza Kiswahili. Sehemu kubwa ya urani wa Mradi wa Manhattan, ule wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki, ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Kongo ya Wabelgiji. Mkuu wa kampuni ya Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha takriban tani 1,200 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, yakawekwa kwenye bohari Staten Island, ng'ambo ya maji tu kutoka Brooklyn, mpaka jeshi lilipoyanunua Septemba 1942. OSS ilituma majasusi Kongo kuhakikisha mawe hayafiki Ujerumani. Wachimbaji hawakuambiwa wanachimba nini wala kitakwenda kufanya nini. Najua filamu ya burudani haiwezi kubeba kila kitu. Lakini hii ni filamu ya sayansi ya siri ya vita, ina madini ya Afrika mikononi mwa shujaa wake, na ilikuwa na nafasi ya kusema jina moja la mahali. Nimeumia kwamba haikusema.

Kwa anayetaka kuangalia: anza na filamu, kisha msimu wa kwanza wa tamthilia moja kwa moja, maana machungu ya Peggy yanategemea kifo cha Steve. Kwenye huduma niliyolipia mimi hakukuwa na maandishi ya chini ya Kiswahili, na makachero wa 1946 wanaongea haraka, kwa hiyo punguza kelele nyumbani. Watoto wa kuanzia sekondari wanaweza kukaa nawe. Kuna damu kidogo, na kuna kachero mmoja anayekufa kifo kibaya sana karibu na mwisho wa msimu wa kwanza. Katika dakika za mwisho za msimu huo angalia vizuri ni nani aliye selo moja na mfungwa mpya. Ni Zola, mwanasayansi wa adui, na baadaye kwenye hadithi hizi tunaambiwa aliajiriwa na waliomkamata. Hilo nalo halikutoka hewani: kuanzia 1945 Marekani iliwachukua wanasayansi zaidi ya 1,600 wa Kijerumani, Wernher von Braun miongoni mwao.

Msimu wa pili uangalie ukipenda, kwa ajili ya Rose na Whitney Frost. Tamthilia ilikatishwa Mei 2016, na tukio la mwisho kabisa ni mtu kupigwa risasi hotelini na faili kuibwa. Nani alifyatua na kwa nini, haikuwahi kuelezwa, na hakuna msimu wa tatu wa kusubiri.