Gari la kale la kununua: Ford Model T au Chevrolet 490?

Kwa bei, yalikabana koo. Chevrolet ya 1915 ilibeba bei yake katika jina, dola 490, sawa na Ford. Henry Ford akashusha yake hadi 440.

Kwa uendeshaji nampa Chevrolet: gia tatu, mpangilio unaoeleweka. Model T ina gia mbili za pedali, na mwendo unauongeza kwa mkono, si kwa mguu. Petroli hushuka yenyewe toka tangi lililo chini ya kiti hadi kwenye injini iliyo mbele, hivyo ikikaribia kuisha, mlima mkali hupandwa kinyumenyume ili tangi likae juu ya injini!

Vipuri? Ford, bila ubishi: yaliundwa zaidi ya milioni 15.

Unataka kulitembeza kila Jumapili? Ford. Una fundi wa kuchonga vyuma, na unapenda gari adimu? Chevrolet.