Ripoti za SIGAR: vita vya Afghanistan kwa jicho la mkaguzi

Anayetaka kuelewa jinsi vita vya miaka 20 vilivyoharibika huku wakubwa wakitangaza kwamba mambo yanakwenda vyema, azisome ripoti za robo mwaka za SIGAR, ofisi ya mkaguzi maalumu iliyoundwa na Bunge la Marekani mwaka 2008 ili kufuatilia fedha za kuijenga upya Afghanistan. Zilitolewa bure mtandaoni. Ni nene, na lugha yake ni kavu, lakini kwangu ukavu huo ndio uzuri wake, kwa kuwa mkaguzi hakuajiriwa kumtia mtu moyo.

Njia nzuri ni kuzipanga kwa tarehe na kufuata takwimu moja. Mimi nilifuata ile ya wilaya 407. Novemba 2015 serikali ya Kabul ilihesabiwa kuwa inazidhibiti au ina ushawishi katika asilimia 72 ya wilaya; kufikia Oktoba 2017 ilibaki asilimia 56. Mwezi uliofuata Jenerali John Nicholson, kamanda wa Wamarekani huko, alitangaza lengo la serikali kudhibiti asilimia 80 ya wananchi (wananchi, si wilaya) ndani ya miaka miwili. Kabla miaka hiyo haijaisha, mwaka 2019, jeshi la Marekani liliacha kabisa kupima wilaya, likieleza kuwa kipimo hicho hakikumsaidia sana kamanda kufanya uamuzi. Hapo jedwali linakatika, na sijaona ukurasa unaosema mengi kuliko pengo hilo.

Kuhusu askari hewa, waliolipwa mishahara bila kuwapo kambini, ripoti zilionya kwa miaka mingi. Hata hivyo, Julai 2021 Rais Joe Biden bado alitaja wanajeshi 300,000 wa Afghanistan wenye vifaa vya kutosha. Kabul iliangukia mikononi mwa Taliban tarehe 15 Agosti.

Kasoro zipo. Tangu 2017 idadi ya askari wa Afghanistan waliouawa na kujeruhiwa ilifanywa siri kwa sehemu kubwa, na kiambatisho chenye siri hizo msomaji wa kawaida hakioni. Sauti ya mwanakijiji ni adimu mno. Asiye na subira aanze na ripoti ya Agosti 2021 kuhusu mafunzo ya miaka 20, kisha arudi nyuma hadi 2015.