Homa ya uzazi, Uingereza miaka ya 1930: kuzuia au kutibu?

Mwaka 1934 Uingereza na Wales bado zilipoteza zaidi ya akina mama 4 katika kila uzazi 1,000, na muuaji mkubwa alikuwa homa ya uzazi, yaani maambukizi baada ya kujifungua, hasa yanayoletwa na bakteria aina ya streptokoka.

Kuzuia kulimtaka mkunga avae barakoa na kusafisha mikono kwa dawa kali ya kuua vijidudu. Barakoa ilidharauliwa, na hapo ndipo kosa lilipokuwa: streptokoka hukaa kooni na puani, hata kwa mhudumu asiyeumwa. Mikono safi haisaidii ukikohoa juu ya mzazi.

Kutibu kulikuja na dawa ya Prontosil. Hii ni rangi nyekundu ya kiwandani ambayo hugeuka mwilini kuwa kemikali ya sulfanilamidi, ambayo haiui bakteria bali huwazuia wasizaliane. Kinga ya mwili humalizia. Daktari Leonard Colebrook aliijaribu katika hospitali ya Queen Charlotte's, London. Mwaka 1936 aliripoti vifo 3 kati ya wagonjwa 38. Kabla ya dawa hiyo, robo hivi ya wagonjwa walikufa. Dawa iliwageuza ngozi kuwa nyekundu, jambo dogo.

Kwa kasi ya kushusha vifo, Prontosil ilishinda waziwazi. Lakini haikugusa kutokwa damu wala kifafa cha mimba, na aliyecheleweshwa nyumbani haikumfaa.