Pauni 3 kwa mtoto aliyefariki mapema: huduma ya GRO ya Uingereza

Mtoto aliyezaliwa England mwaka 1852 akafariki 1859 hayumo katika sensa hata moja. Ile ya 1851 ilipita kabla hajazaliwa, ya 1861 ikakuta ameshazikwa. Ndiyo maana watu wengi wanaochora nasaba zao humruka bila kujua kwamba aliwahi kuwapo. Mahali pa kumpata ni General Register Office (GRO), ofisi inayotunza kumbukumbu za vizazi na vifo vya England na Wales tangu Julai 1837. Faharasa yake ya mtandaoni ni bure ukishafungua akaunti. Nakala za kumbukumbu zenyewe ndizo zinazolipiwa.

Tuanze na faharasa. Ile ya zamani, ambayo tovuti ya FreeBMD imeinakili, haionyeshi jina la ukoo wa mama kabla ya Septemba 1911, wala umri wa marehemu kabla ya 1866. Hii mpya, iliyofunguliwa 2016, inavyo vyote viwili tangu 1837, na kwa kazi ya kutafuta watoto tofauti hiyo ni kubwa mno. Jaza jina la ukoo wa baba, jaza la mama kabla ya kuolewa, acha jina la kwanza wazi. Watajitokeza ndugu wote walioandikishwa. Waondoe unaowajua kutoka kwenye sensa, kisha wanaobaki watafute upande wa vifo katika wilaya ileile. Ukiona jina moja limetolewa mara mbili katika nyumba moja, karibu kila mara wa kwanza alikufa na mdogo wake akapewa jina lake.

Fomu yenyewe ni ya kuudhi. Lazima uchague jinsia, na mwaka unaruhusiwa kuupanua kwa miaka miwili tu mbele na nyuma, kwa hiyo kuchungulia miaka kumi ya ndoa ni utafutaji mara nne: wavulana mara mbili, wasichana mara mbili. Mama asiye na ndoa nafasi yake ya jina la ukoo huwa na kistari tu, kwa hiyo usilijaze.

Kisha kuna umri, na hapa ndipo wengi hupotea. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja anapaswa kuonekana kama 0, lakini walionakili wakati mwingine waliandika wiki au miezi kana kwamba ni miaka. Mtoto wa miezi 8 anatokea ana miaka 8. Ukimkosa kwenye 0, jaribu bila umri kabisa. Angalia pia robo ya mwaka, ambayo huitwa kwa mwezi wake wa mwisho (robo ya Machi ni Januari hadi Machi): kinachohesabiwa ni siku ya kuandikisha, si siku ya tukio. Kizazi kilipewa siku 42, kifo kiliandikishwa upesi zaidi, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mwishoni mwa Novemba akafa kabla ya Krismasi anaweza kuwa na kifo katika robo ya Desemba na kizazi katika robo ya Machi ya mwaka unaofuata. Hilo si kosa la faharasa.

Upungufu mkubwa ni kwamba upande wa vifo hauna majina ya wazazi. John Smith watatu wenye umri 0 katika wilaya moja huwezi kuwatenganisha bure, na hapa ndipo unapotoa pesa. Picha ya kidijitali ni pauni 3 na inafunguka papo hapo. Kwa vifo inaishia 1887. PDF ni pauni 8 na husubiriwa siku kadhaa. Cheti cha karatasi ni pauni 12.50. Bei hupandishwa, zihakiki kabla ya kulipa. Kwa nasaba tu, karatasi ni kutupa pesa. Inunue pale ofisi fulani inapodai ushahidi wa kisheria, maana picha na PDF havikubaliki huko.

Ndani ya picha, kwa mtoto mdogo, soma kwanza safu ya kazi. Kwa kuwa hakuwa na kazi, msajili aliandika ni mwana wa nani, na baba anafanya kazi gani. Safu hiyo moja inakumalizia akina John Smith wote. Safu ya mtoa taarifa mara nyingi ni mama, au jirani aliyekuwapo. Sababu ya kifo isome kwa tahadhari: degedege na kuota meno ni dalili zilizoandikwa kama ugonjwa. Na hii ni nakala iliyopelekwa makao makuu; daftari la asili liko kwa msajili wa wilaya, na makosa ya kunakili yapo.

Wasioonekana kabisa wapo. Kabla ya 1875 baadhi ya vizazi havikuandikishwa, na waliozaliwa wafu hawakuandikishwa hadi Julai 1927. Kwa hao wa mwanzo nenda kwenye daftari za mazishi za parokia, ambazo tangu 1813 zinataja umri. Kwa watoto wa miaka ya 1880 na 1890, sensa ya 1911 ilimuuliza mke amezaa wangapi walio hai na wamekufa wangapi. Ilinganishe na hesabu yako.

Scotland na Ireland zina mifumo yao, na ya Ireland ni bure. Mwingereza aliyefia Unguja naye usimtafute humu, kwani vifo vilivyoandikwa na konseli (balozi mdogo) viko katika faharasa nyingine.