Sola juu ya HiAce yangu: paneli haikuwa na kosa

Nina HiAce kuukuu, nimetoa viti nikaweka kitanda, friji ndogo na feni. Juu nilifungiwa paneli mbili za wati 150. Miezi ya mwanzo nilizilaani bure. Wikendi moja tuko Msambweni, saa nane usiku friji ikalia tii, ikazima, na samaki wetu, changu wa shilingi 2,000, wakaamkia kunuka. Mke wangu hakusema kitu. Alifungua madirisha tu.

Niliporudi Mombasa nikaazima mita. Kwenye kontrola, kile kifaa kinachopokea umeme wa paneli na kuchaji betri, volti 14.4. Kwenye betri, dakika ileile, 13.5. Karibu volti nzima inapotelea njiani! Fundi alibandika kontrola karibu na dereva, betri iko nyuma, katikati akapitisha waya mwembamba kama wa taa. Kontrola ikadhani betri imeshiba, ikapunguza chaji, kumbe mwenzake ana njaa. Nikaihamishia ubavuni mwa betri, nikatia waya mnene usiofika hata mita moja. Usiku uliofuata friji haikuzima.

Kisha joto. Paneli ziligandishwa kwa gundi juu ya bati. Sola hupenda mwanga, si joto: ikipita digrii 25, kila digrii hula karibu asilimia 0.4 ya nguvu, na bati la gari adhuhuri ya Februari huligusi kwa mkono. Nimeziinua vidole vitatu, hewa ipite chini. Kuziinamisha kama wafanyavyo Ulaya sikuhangaika. Sisi tuko digrii 4 tu kusini mwa ikweta, adhuhuri jua haliendi mbali sana na utosi.

Spea tairi nalo nililiteremsha kutoka kwenye keria. Kivuli chake, hata kikigusa kona tu ya paneli moja, ampea zilishuka kutoka 14 hadi 8. Kunguru wa Mombasa nao mnawajua, mavi yao huangukia paneli. Chumvi ya baharini pia huganda kwenye kioo, kwa hiyo naosha alfajiri kwa maji baridi na kitambaa laini.

Moja bado lanisumbua: chini ya mwembe mimi nalala vizuri, na sola inalala pia. Nimenunua paneli ya tatu, ya kukunja, naitandaza juani kwa waya mnene wa mita 10. Nikienda kuogelea naifunga kwenye rimu kwa kufuli la baiskeli.