Nimemaliza Halo: Spartan Strike nikiwa Uyole, Mbeya

Gemu hili nililinunua kwa sababu ya neno moja: Mombasa. Nilikuwa natafuta kitu ambacho laptopu yangu ya mtumba ingekiweza, nikasoma kwamba vita vinaanzia New Mombasa, mwaka 2552. Tangu utoto nimepigana kwenye miji ya Marekani na Ulaya, lakini pwani ya Waswahili sikuwahi kuikuta kwenye skrini. Nikalipa dola 5.99 kwa kadi ya pesa za simu, nikasubiri bando la usiku.

Magemu mengine ya Halo, yale tuliyoyazoea, yanakuweka ndani ya kofia ya askari. Hii unamtazama kutoka juu, kama mwewe aliye juu ya banda la kuku. Vidole vya kushoto vinamtembeza, kipanya kinalenga, na maadui wanakuja kutoka pande zote, kwa hiyo ukisimama umekufa. Nilichelewa kuelewa kwamba ngao inajijaza yenyewe ukikaa kando sekunde chache. Siku mbili za mwanzo nilikuwa navamia tu. Nilipojifunza kupiga, kurudi nyuma ya ukuta, kupumua, kisha kutoka tena, gemu likafunguka. Wale warefu wenye ngao waanze kwa silaha ya plazima, ngao ikishapasuka ndipo umalizie kwa risasi.

Misheni ziko 30, na ni fupi. Kwangu hilo ni jambo kubwa. Betri ya laptopu ilishakufa, umeme ukikatika nayo inazima hapo hapo, na mwezi wa saba huu umekatika mara nyingi. Ninachopoteza ni dakika chache, si jioni nzima.

Kabla ya kila misheni unachagua silaha kwa pointi ulizopata kwa kucheza. Spartan Assault ya 2013, iliyotangulia, ilikuwa na vitu vya kununua kwa pesa halisi. Hii ya 2015 haina, na ninaishukuru kwa hilo.

Nilijaribu pia kwenye iPad ya binamu yangu. Vidole gumba vinaziba pembe za skrini, na adui anapenda kutokea huko huko. Mwenye kompyuta, hata dhaifu, achukue ya kompyuta. Pedi ya kuchezea gemu niliyonunua Mwanjelwa nimeiweka kando. Kipanya kinalenga vizuri zaidi.

Mdogo wangu alikuwa kajifunika blanketi pembeni yangu. Akauliza, "Kaka, hiyo si Mombasa ya Kenya?" Nikamwambia ndiyo hiyo hiyo, ila baada ya miaka 500 na ushee. Akasogea. Tukawa tunatafuta kwenye mitaa ile kitu tunachokijua: mlango wa nakshi, mnazi, kibaraza cha watu kukaa. Kutoka juu vile, tuliona zaidi vyuma na vizuizi. Niliumia kidogo, kwa kweli. Jina limechukuliwa, nami nilitaka na harufu ya mji.

Baadaye hadithi inaruka hadi 2557, inahamia kwenye pete kubwa ya angani, na maadui wapya ni wagumu kweli. Mapigano ya huko ni bora kuliko ya mjini. Lakini dogo akishika kipanya anarudi misheni za mwanzo. Anasema Mombasa bado haijakombolewa vizuri, na nyota za dhahabu za kila misheni hajazimaliza.